WILLIAM FARRER, MTU ALIYEPIGANA NA KUTU YA NGANO

Wote mmeona ile vumbi nyekundu juu ya majani ya mahindi katika shamba la shule. Ukigusa jani, kidole kinatoka na rangi ya chuma cha zamani. Ndiyo ugonjwa wa kutu. Wengine kati yetu wanasema ni udongo umechoka, wengine wanasema ni mvua. Basi tunataka kuwaelezea maisha ya mtu aliyepigana na kutu ya ngano, ndugu ya kutu ya mahindi.

William Farrer alizaliwa Uingereza mwaka 1845, mtoto wa mkulima. Alisoma hesabu huko Cambridge, akamaliza 1868. Alitaka kuwa daktari, lakini kifua kikuu kikamshika. Kwa kutafuta hewa nzuri zaidi, alihamia Australia mwaka 1870. Kwanza alifundisha watoto nyumbani mwa watu, kisha toka 1875 hadi 1886 akafanya kazi ya kupima mashamba. Alitembea mingi, akaona taabu ya wakulima: ngano inasimama vizuri, kumbe karibu ya mavuno kutu inashika mashina, na punje zinabaki zimekunjamana, hazina unga. Mwaka 1889 hasara ilikuwa kubwa sana.

Juu ya nini kutu inakuja? Ni kuvu, na mbegu zake ni ndogo kuliko unga. Upepo unazibeba mbali. Zikipata umande na joto linalozifaa, zinaota na kuingia ndani ya mmea. Baada ya juma moja au mawili mmea huo unatoa vumbi mpya, na jirani anaambukizwa. Kutu ya shina la ngano inapenda joto. Kwa hiyo ngano inayochelewa kukomaa inakutana nayo wakati joto limepanda.

Farrer aliona kwamba mtu hawezi kuamuru joto wala umande, lakini anaweza kuchagua mbegu. Katika shamba lake la Lambrigg, kando ya mto Murrumbidgee, alikusanya ngano za inchi nyingi. Zile za India zilikomaa upesi. Ile ya Kanada iitwayo Fife ilitoa unga wenye nguvu. Alitoa sehemu za kiume za ua moja, akatia chavua ya ua lingine, akapanda, akachagua, akatupa zilizo mbaya, akaanza tena. Alifanya hivyo miaka na miaka, wakati kazi ya Mendel juu ya urithi ilikuwa bado haijajulikana.

Shida haikuisha shambani. Wenye vinu walizoea ngano laini, wakakataa ngano zake ngumu. Frederick Guthrie, mtaalamu wa kemia, akamsaidia: alisaga punje kidogo tu katika kinu kidogo na kupima unga wake. Mwaka 1898 serikali ya New South Wales ikamwajiri Farrer kwa kazi ile ile.

Mwaka 1901 alitoa ngano iliyoitwa Federation. Haikuwa na kinga kamili, hapana. Lakini ilikomaa mapema, hivyo mara nyingi iliponyoka kabla kutu haijapata nguvu. Ilivumilia ukavu pia. Farrer alikufa Aprili 1906, akiwa na miaka 61, kabla ya kuona namna ngano ile ilivyoenea Australia nzima.

Sasa turudi kwetu. Mahindi yako na kutu za namna mbili: moja inapenda ubaridi wa milimani, karibu digrii 16 hadi 23, nyingine inapenda joto la bonde, karibu 27. Mbegu inayosimama mbele ya moja inaweza kuanguka mbele ya nyingine.

Katika shamba letu kuna mistari miwili ambayo majani yake yamebaki mabichi, na wengi wanataka tuichome yote siku ya sikukuu. Sisi tunaomba masuke yake bora yawekwe. Labda yamepona kwa bahati tu. Lakini tukiyala, hatutajua kamwe. Tukiyapanda msimu ujao katikati ya yale yenye ugonjwa, shamba lenyewe litatujibu.