Askofu Weston na Waraka wa Kazi

Apitaye Mkunazini, katika Mji Mkongwe, huliona kanisa kuu lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Wengi walijua jina la Edward Steere, aliyelijenga. Wachache humkumbuka Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi 1924. Maisha yake yanamfaa kila mwenye dhamana ya kuamrisha watu, awe Mwislamu au Mkristo, kwani yalikabiliwa na swali lisilochakaa: mtu afanye nini dhuluma inapotendwa na serikali ya watu wake mwenyewe?

Weston alizaliwa London mwaka 1871. Alisoma Oxford, kisha akahudumu miongoni mwa mafukara wa mashariki ya London, mji ule ule alimoishi na kufia Karl Marx mwaka 1883. Marx aliiona dini kuwa kiliwazo kimsahaulishacho mnyonge minyororo yake. Weston hakuwa mfuasi wake. Aliishika imani yake kwa ukali, hata akazozana na maaskofu wenziwe. Lakini maisha yake yalikuwa jawabu kwa tuhuma ile.

Alifika Unguja mwaka 1898, mwaka mmoja baada ya utumwa kufutwa kisheria, akafundisha Kiungani. Utumwa ulikuwa umefutwa katika karatasi. Lakini huko mashambani, chini ya mikarafuu, wengi walioachwa huru walibaki katika ardhi ya mabwana, wakitoa nguvu zao ili wasifukuzwe.

Vita Kuu ilipoenea Afrika ya Mashariki, mwaka 1916 aliongoza wapagazi wa Zanzibar huko bara, akitembea nao kwa miguu. Mwaka 1918 aliandika kijitabu kuushutumu ukatili wa Wajerumani. Maneno hayo hayakumgharimu kitu, kwani Mjerumani alikuwa adui. Mtihani wenyewe ulikuja baadaye.

Oktoba 1919, Gavana Northey wa nchi iitwayo leo Kenya alitoa waraka juu ya kazi. Waraka huo haukuamrisha watu washurutishwe. Uliwataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, wanawake na watoto wakiwamo. Lakini kila mwananchi alijua kuhimizwa na chifu ni nini. Baadhi ya wakuu wa makanisa waliulaumu waraka, ila wakakubali kuwa shuruti ingefaa kwa muda ikiwekewa sheria. Weston alikataa katakata. Mwaka 1920 alitoa kijitabu kingine, safari hii dhidi ya Uingereza, akazifananisha kazi hizo na utwana, akaenda London kuishtaki serikali yake mbele ya watu wake. Yeye na wengine walipiga kelele hadi mwaka 1921, Winston Churchill, Waziri wa Makoloni, alipowakataza maofisa kuwatafutia walowezi vibarua.

Mwaka 1923, katika mkutano mkubwa London, aliwaonya Wakristo kwamba kumwabudu Masihi kanisani huku wakiwanyonya maskini ni ibada ya bure. Alifariki Novemba 1924 huko Hegongo, karibu na Muheza.

Haki inatutaka tutaje pia upungufu wake. Weston aliutetea mwili wa Mwafrika, lakini hakudai Mwafrika ajitawale. Aliitegemea dhamiri ya mtawala, na dhamiri ya mtawala husahau upesi. Mwaka 1922 wananchi waliodai Harry Thuku afunguliwe walipigwa risasi Nairobi. Hapa Unguja, wachukuzi wa bandarini walipogoma mwaka 1948, hawakungoja huruma ya mtu. Na ardhi haikubadili mikono ila baada ya Mapinduzi ya 1964. Katika hilo, Marx aliona mbali zaidi.

Lakini wanyonge wakishashika dola, nani atamzuia ofisa wao asidhulumu? Hapo ndipo tunapomhitaji mtu wa mfano wa Weston. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba kumsaidia ndugu aliyedhulumu ni kumzuia mkono. Neno lililo laini ofisini laweza kufika shehiani likiwa gumu. Wito wa kujitolea waweza kubisha hodi mlangoni kama amri. Mwenye kutia saini waraka, basi, na aufuate kwanza hadi kibandani kwa yule atakayeubeba, autazame umekuwa nini.