William Sheppard, mtu aliyehesabu mikono

Mara hii tunawaletea maisha ya mtu mweusi wa Marekani aliyefanya kazi kule Kasai.

William Henry Sheppard alizaliwa mwaka 1865 katika Virginia, mwaka ule ule utumwa ulipokwisha kwao. Akasoma, akawa pasteri wa Presbiteri. Mwaka 1890 alifika Kongo pamoja na mzungu mmoja, Samuel Lapsley, na mwaka 1891 wakafungua misioni ya Luebo. Lapsley akafa mwaka 1892. Sheppard akabaki, akajifunza luga ya Wakuba, hata akafika kwa mfalme wao, mahali wageni walikatazwa kabisa.

Siku zile Kongo ilikuwa mali ya Leopold II. Serkali yake ilitaka kodi na kauchu, na iliwatumia Wazappo-Zap, watu wenye bunduki, kuwapiga wasioleta. Mwezi wa Septemba 1899 habari zikafika Luebo kwamba vijiji vinaungua. Misioni ikamwagiza Sheppard aende kuona. Tusizani alifurahi. Aliogopa sana, na nani asingeogopa? Lakini mkubwa wa wale watu alimjua, akazani yuko upande wa serkali, akamwonyesha yote bila haya. Juu ya moto mikono ya watu ilikuwa inakaushwa, ipate kuonyeshwa kwa wakubwa. Sheppard akahesabu, mmoja mmoja: mikono ya kuume 81. Akaandika. Mwenzake William Morrison akaipeleka ile habari kwa wakubwa, kisha magazeti ya Ulaya na Marekani yakaitangaza. Pasipo hesabu ile, wangesema ni maneno ya watu tu.

Mwaka 1908 akaandika tena, katika gazeti dogo la misioni, juu ya Wakuba walivyoteswa kwa ajili ya kauchu. Kompani ya Kasai ikamshitaki. Mwaka 1909 akasimama mbele ya juji kule Léopoldville (Kinshasa ya leo). Avoka wake, Émile Vandervelde, msosialisti wa Ubelgiji, alikuja bila kudai malipo. Juji akamwachilia, akisema hakukusudia kuishambulia kompani. Namna hii hata kompani haikuhukumiwa.

Hakuwa malaika. Mwaka 1910 alirudi kwao, juu ya makosa yake na wanawake, jambo ambalo misioni ililificha. Akawa pasteri katika mji wa Louisville, na huko akafa mwaka 1927.