Mwenda Jean Bosco na disiki iliyotoka nyuma ya kifo chake

Mara hii tunawaletea maisha ya mtu wa kwetu Katanga: Mwenda Jean Bosco, ambaye batu wengi wanamwita Mwenda wa Bayeke.

Alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya, mji wa Mwami M'siri. Mu 1952 alikuwa kijana wa kupiga gitare mu barabara za Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, akamsikia. Wimbo wa Masanga ukatoka mu disiki, na jina likaenda mbali: Nairobi, na mu 1969 mpaka Newport, kule Marekani.

Sasa gitare yenyewe. Kidole gumba kinatembeza sauti nene chini, kidole cha pili kinaimba juu, na mtu asiyeona anaapa kama ni gitare mbili. Vidole viwili tu! Mwalimu mmoja wa Uingereza, David Rycroft, aliandika noti zake moja moja, akazitoa mu gazeti la wataalamu mu 1961 na 1962. Kule wanazisoma. Huku kwetu, wazee waliojifunza kwa kuangalia mikono ya Bosco wanatutoka mmoja mmoja, na sisi vijana wengi tunajua za Kinshasa tu.

Muziki haukumtosha kwa chakula. Miaka mingi alifanya kazi ya biro. Lakini mu 1988, ubaguzi wa rangi ukingali unatawala Afrika ya Kusini, alifika Cape Town, akaingia studio, akapiga tena. Hakuna makofi ya batu pale ya kuficha kosa. Kijana wa 1952 alikuwa sasa mtu wa miaka 58.

Disiki hiyo hakuiona. Mu Septemba 1990 alikufa kwa ajali ya motokari kule Zambia. Ilitoka mu 1994, kwa kampuni ya Rounder ya Marekani. Miaka minne! Wengine wanasema hii ya uzee njo nzuri zaidi. Sisi tunashika ile ya 1952, wakubwa watusamehe.

Mu internat yetu kuna wawili wenye gitare. Mmoja anajaribu Masanga tangu Pasaka. Kidole gumba kimeanza kutii, kile cha pili bado.