Bradlaugh na Yamini Asiyoiamini

Nilikuwa Ngara, Nairobi, nikinywa chai kwa rafiki yangu Mpunjabi, mazungumzo yetu yalipoangukia viapo. Alikuwa ametoka kutoa ushahidi mahakamani, na huko aliambiwa achague: aape kwa dini yake, au atoe ahadi ya kusema kweli pasi na kulitaja jina la Mungu. Mimi niliyefunzwa chuoni uzito wa yamini niliichukia njia hiyo ya pili. Rafiki yangu akaniuliza kama namjua Charles Bradlaugh, ambaye jumba moja lina jina lake huko Lahore, walikotoka wazee wake. Sikumjua. Nimemsoma tangu siku hiyo, na leo nawasimulia wasomaji wangu.

Bradlaugh alizaliwa London tarehe 26 Septemba 1833, mtoto wa karani maskini. Alipokuwa kijana alifundisha watoto dini kanisani, lakini alipouliza maswali yaliyomkera kasisi wake alisimamishwa, mwisho akahama kwao. Alitumikia jeshi, akawa karani wa wanasheria, na mwaka 1866 akaanzisha chama cha wasioamini dini. Katika hilo mimi na yeye njia zetu ni mbali kabisa.

Mwaka 1880 watu wa Northampton walimchagua awe Mbunge. Kila Mbunge alitakiwa aape kwa Mungu kuwa mtiifu kwa Malkia. Bradlaugh aliomba atoe ahadi tu, akakataliwa. Akasema basi ataapa kama desturi, akakataliwa pia, kwa kuwa kiapo cha asiyeamini si kiapo. Aliposhikilia haki yake akafungiwa katika mnara wa saa wa Bunge. Mwaka 1881 alitolewa Bungeni kwa nguvu. Kiti chake kilitangazwa wazi mara kwa mara, na watu wa Northampton wakamrudisha mwaka 1881, 1882, 1884 na 1885. Mwezi wa Januari 1886 Spika mpya alimwacha aape, asikubali pingamizi la mtu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1888, Bradlaugh alipitisha sheria ya kumruhusu asiyeamini, au ambaye dini yake inamkataza kuapa, atoe ahadi badala ya kiapo.

Sasa, hayo yatuhusu nini sisi Waislamu? Yatuhusu sana. Kabla yake, Lionel de Rothschild, Myahudi, alichaguliwa mwaka 1847 na asikae kitini mpaka 1858, kwa sababu kiapo kilimtaka aape kwa imani ya kweli ya Mkristo. Mlango uliofungwa kwa maneno hayo ulimfungia Myahudi, na lau Mwislamu angalifika, ungalimfungia yeye pia.

Kisha nikajiuliza: jina la Mola latukuzwaje kwa kutiwa kwa nguvu kinywani mwa asiyemjua? Kurani imeiwekea yamini iliyovunjwa kafara: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Jambo lenye kafara si la kufanyiwa desturi.

Sheria ya viapo ya Kenya yafuata nyayo za ile ya 1888. Katiba ya 2010 nayo yamwachia hata Rais achague kuapa au kuahidi, na ombi la msaada wa Mungu ni la yule anayeapa. Mwenye kuamini hakupunguziwa kitu.

Mwaka 1889 Bradlaugh alikwenda Bombay kwenye mkutano wa Congress, kwa kuwa aliwatetea Wahindi Bungeni. Alikufa tarehe 30 Januari 1891. Katika maelfu waliomzika alikuwamo kijana Gandhi, mcha Mungu. Siku tatu kabla ya kifo chake, Bunge lilikubali kulifuta katika daftari zake azimio la kumkataza kiti. Mgonjwa alikuwa taabani; habari hiyo hakuipata.

Nilirudi Ngara nikamwambia rafiki yangu kuwa chuki yangu imekwisha.