Fausto Coppi

Angelo Fausto Coppi (Castellania, 15 Septemba 1919 – Tortona, 2 Januari 1960) alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano kutoka Italia. Alishinda Giro d'Italia mara 5 (1940, 1947, 1949, 1952, 1953) na Tour de France mara 2 (1949, 1952), naye ndiye wa kwanza kushinda mashindano hayo mawili katika mwaka mmoja. Anakumbukwa hasa kwa ushindi wake milimani, kwenye mvua, baridi na theluji. Alifariki akiwa na umri wa miaka 40 kwa malaria aliyoambukizwa Afrika ya Magharibi, ambayo madaktari wake hawakuitambua.

Maisha ya awali

Coppi alizaliwa katika familia ya wakulima huko Piemonte, kaskazini mwa Italia, akiwa mtoto wa nne kati ya watano. Alipofikia umri wa miaka 13 aliacha shule, akaenda kufanya kazi kwenye bucha katika mji wa Novi Ligure. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wateja nyama kwa baiskeli. Baiskeli yake ya kwanza ya mashindano aliinunua kwa fedha alizopewa na ami yake, aliyekuwa baharia.

Mjini humo alikutana na Biagio Cavanna, kipofu aliyekuwa akiwachua misuli wanamichezo. Cavanna alimsimamia mazoezi, chakula na hata saa za kulala. Mwaka 1940 Coppi aliingia Giro d'Italia kama msaidizi wa Gino Bartali, bingwa wa timu ya Legnano. Bartali alianguka mapema baada ya kugongana na mbwa, na Coppi akapata nafasi. Katika hatua ya kutoka Firenze hadi Modena aliwaacha wenzake kwenye mlima Abetone, hali ya hewa ikiwa mbaya, akavaa jezi ya waridi ya kiongozi. Alishinda Giro hiyo akiwa na miaka 20. Ilimalizika tarehe 9 Juni. Kesho yake Italia ikaingia vitani.

Vita

Mwezi Novemba 1942 aliweka rekodi ya dunia ya saa moja mjini Milano, akipita kilomita 45. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1956. Mwaka uliofuata alipelekwa Tunisia kama askari, akatekwa na Waingereza, akabaki mfungwa wa vita. Alirudi nyumbani 1945. Mwaka 1946 alishinda Milano–San Remo kwa kumwacha mshindani wa pili dakika 14.

Milimani

Tarehe 10 Juni 1949, kati ya Cuneo na Pinerolo, Coppi alivuka milima mitano katika hatua ya kilomita 254. Kilomita 192 alikimbia peke yake, na Bartali alifika karibu dakika 12 baadaye. Wengi huuhesabu kuwa ushindi wake mkubwa kuliko wote.

Hata hivyo ule wa Stelvio, tarehe 1 Juni 1953, ulikuwa na hatari zaidi, kwa kuwa siku hiyo Giro yenyewe ilikuwa karibu imeshapotea. Hugo Koblet kutoka Uswisi aliongoza kwa karibu dakika mbili, na iliyobaki baada ya hapo ilikuwa hatua ya mwisho tu, ya kuingia Milano. Coppi alikuwa na miaka 33.

Barabara ya Stelvio hufika mita 2,758 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni karibu mara mbili ya kimo cha jiji la Arusha, tena juu kuliko vibanda vya Miriakamba wanapolala wapandaji wa Mlima Meru usiku wa kwanza. Tofauti ni kwamba Miriakamba iko karibu na ikweta. Stelvio, hata mwezi Juni, barabara ilipita katikati ya kuta za theluji.

Katika baridi ya namna hiyo, kupanda si sehemu mbaya zaidi, maana mwili hujipasha moto wenyewe. Taabu huanza kwenye mteremko: nguo zimelowa jasho, miguu haifanyi kazi, na upepo hupiga kifua kwa kasi ya baiskeli yenyewe. Vidole hufa ganzi hata kushika breki ni shida. Waendeshaji wa zama hizo walipofika kileleni waliweka magazeti ndani ya jezi ili kukinga kifua.

Coppi alimwacha Koblet zikiwa zimebaki kilomita kama 11 kufika juu. Baada ya mteremko wa zaidi ya kilomita 20 hadi Bormio alikuwa amempita kwa karibu dakika tatu na nusu. Alishinda Giro kwa dakika 1 na sekunde 29. Mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia mjini Lugano.

Familia

Mdogo wake Serse, naye mwendesha baiskeli, alifariki Juni 1951 baada ya kuanguka mashindanoni mjini Torino. Coppi alikuwa ameoa, lakini baadaye aliishi na Giulia Occhini, aliyekuwa mke wa mtu. Talaka haikuwepo Italia wakati huo na uzinzi ulikuwa kosa la jinai. Wote wawili walihukumiwa 1955.

Kifo

Desemba 1959 Coppi alialikwa Volta ya Juu (leo Burkina Faso) pamoja na waendeshaji wa Ufaransa, akiwemo Raphaël Géminiani. Walishindana Ouagadougou, kisha wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja chenye mbu wengi.

Waliporudi Ulaya wote wawili waliugua. Géminiani alipoteza fahamu, lakini damu yake ilipimwa na Taasisi ya Pasteur, vimelea vya malaria vikaonekana, akapewa kwinini na kupona. Aliishi hadi 2024. Huko Italia, madaktari wa Coppi walimtibu kama mgonjwa wa mapafu. Habari za ugonjwa wa Géminiani zilipowafikia kutoka Ufaransa hawakubadilisha matibabu. Coppi alifariki hospitalini Tortona asubuhi ya tarehe 2 Januari 1960.

Amezikwa Castellania pamoja na Serse. Tangu 1965 sehemu ya juu kuliko zote katika njia ya Giro d'Italia huitwa Cima Coppi, yaani kilele cha Coppi, na anayeifikia wa kwanza hupewa tuzo. Mwaka ambao Giro inapita Stelvio, kilele hicho huwa Stelvio.