Rochambeau, jenerali aliyemwachia mwenye nchi heshima

Tumkumbuke Rochambeau wa Ufaransa. Alizaliwa mwaka wa 1725 mjini Vendôme, na wazazi walimwandaa kwa kazi ya kanisa. Kaka yake alipofariki, akaingia jeshini. Alipigana vita vya Ulaya kwa miaka mingi, akajeruhiwa zaidi ya mara moja.

Mwaka wa 1780 alitumwa Marekani na askari zaidi ya 5,000. Huko alikubali kuwa chini ya Washington, ingawa alimzidi umri na uzoefu wa vita. Askari wake walilipa kwa fedha vitu walivyopata kwa raia. Sisi tunaokimbia majeshi yanapokaribia tunajua uzito wa jambo hilo.

Tarehe 19 Oktoba 1781, Waingereza waliposhindwa huko Yorktown, afisa wao alitaka kumkabidhi Rochambeau upanga. Yeye akamwelekeza kwa Washington.

Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa alifungwa gerezani, akaponea chupuchupu kuuawa. Alifariki mwaka wa 1807.

Anayekuja kusaidia asichukue nyumba. Tuwaombee viongozi wetu na majirani wetu walijue hilo.