Baker: Mzungu aliyegeuza upandaji miti kuwa ngoma

UKIPITA Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, utaona majani chai, mahindi, kisha mikaratusi imesimama hadi ukingoni mwa vijito vinavyoteremka kuelekea Mto Sondu. Shamba ni dogo, karo inadaiwa, na mkaratusi haukosi mnunuzi. Nani atamwambia mwenye shamba asiupande?

Swali la aina hiyo, vijana, lilimsumbua Mwingereza mmoja zaidi ya miaka 100 iliyopita. Richard St. Barbe Baker alizaliwa Oktoba 9, 1889, karibu na Southampton. Ujanani alikwenda Canada, akaona wakulima wakiondoa miti kwenye nyanda hadi upepo ukawa unabeba udongo. Baada ya kujeruhiwa katika Vita Vikuu vya Kwanza alisomea misitu Cambridge, na mnamo 1920 akatua Kenya kama afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni.

Katika nchi ya Wakikuyu alikuta msitu unafyekwa, watu wanalima, kisha wanahamia kwingine. Ilikuwa rahisi kuwaita waharibifu. Lakini tusidanganyane, serikali hiyo hiyo ndiyo ilikuwa imewagawia walowezi ardhi, wenyeji wakabanana kwenye sehemu iliyobaki.

Alipowaomba wapande miti, walimwambia hiyo ni kazi ya Mungu. Hakuwalazimisha. Aligundua kwamba kupanda mbegu kuna ngoma yake, na kuvuna kuna ngoma yake. Basi mbona miti nayo isichezewe ngoma?

Akashauriana na Chifu Josiah Njonjo, babake Charles Njonjo aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu. Julai 22, 1922, morani wapatao 3,000 walifika Muguga. Kati yao 50 waliteuliwa, kila mmoja akaahidi kupanda miche 10 kila mwaka na kutunza miti popote alipo. Kundi likaitwa Watu wa Miti.

Ujanja wenyewe ulikuwa shambani. Miche ya miti ya kiasili ilipandwa katikati ya mahindi, hivyo familia iliendelea kula huku msitu ukirudi polepole. Hakuna aliyeambiwa achague kati ya ugali na mti. Nadhani hapo ndipo Baker aliwashinda wengi waliokuja baadaye na amri za kufukuza watu misituni.

Serikalini hakudumu. Inasimuliwa kwamba alikinga kwa bega lake pigo ambalo mkubwa wake alimkusudia Mwafrika, na hilo likamchongea. Alipelekwa Nigeria, kisha akaachana na kazi ya ukoloni kabisa. Chama chake kilikuwa tayari kimefunguliwa Uingereza, 1924, na leo kinaitwa International Tree Foundation.

Alitetea miti mikubwa ya California, na katika miaka ya 1950 akavuka Sahara kwa gari akitafuta namna ya kuirudishia kijani.

Juni 5, 1982, akiwa na miaka 92, alipanda mti wake wa mwisho mjini Saskatoon, Canada. Siku nne baadaye akafariki.